Sekunde Ishirini na Nane Hazitoshi Wipa Mbili

Chumba namba tatu,
Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya matairi.

Kwa Mhandisi Mkuu wa Taa za Barabarani,
Halmashauri ya Jiji.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUPISHWA KWA TAA NYEKUNDU, NA MADHARA YAKE KWA NDOA YENYE UMRI WA SIKU ISHIRINI NA MOJA

Mheshimiwa Mhandisi Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kwenye kiti kinachozunguka, na hakuna mtu anayekuharakisha. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima: nimeoa. Leo ni siku ya ishirini na moja. Bado nikiamka asubuhi na kumwona amelala ubavuni mwangu, mkono wake ukiwa juu ya kifua changu, huwa nageuka kuutazama mlango nihakikishe kwamba chumba ni changu, na sikuingia kwa makosa kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Nakuandikia kwa sababu furaha hii imebakiza siku tisa tu za kuishi. Mwisho wa mwezi huu mke wangu atapanda basi la alfajiri kwenda kwa shangazi yake, mji ulio mbali safari ya siku nzima, na aliyemkatia tiketi ni wewe. Hukujua, najua. Hamjui mengi ninyi wa ghorofa ya tano. Basi tulia nikueleze.

Mke wangu ni fundi wipa. Si wa gereji. Gereji yake ni taa nyekundu ya mataa makubwa, pale barabara ya viwandani inapokutana na barabara ya hospitali. Wipa zake huzibeba mgongoni ndani ya kipande cha bomba la plastiki, kama mishale ndani ya podo, na gari likiwa bado linakuja yeye ameshajua linavaa inchi ngapi upande wa dereva na inchi ngapi upande wa abiria. Anainua mkono wa wipa, anabonyeza kibanio, anachomoa mpira uliochakaa, anapachika mpya mpaka ulie "ta!", anaulaza. Anazunguka mbele ya gari, anafanya hivyohivyo upande wa pili. Ananyunyiza maji ya chupa kwenye kioo na kumwambia dereva, "Washa tuone." Kazi nzima ni sekunde sabini na moja. Nilikuwa nikimpima kabla hata sijalijua jina lake, maana mimi nauza vitambaa vya kufutia vioo kwenye mataa hayohayo na hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Kusema kweli vilikuwepo, ila sikuviona. Ndivyo tulivyoanza, Mheshimiwa: yeye analowesha kioo, mimi nakausha.

Taa yetu nyekundu ilikuwa ya sekunde tisini na nne. Sabini na moja za kazi, ishirini na tatu za malipo, salamu na utani. Hakuna aliyetupangia. Ilikuwa hivyo tu, kama urefu wa mkono ulivyo. Jumatatu ya kwanza ya ndoa yetu, siku ya nne, tulifika kazini tumeshikana mikono tukakuta watu wako wameshapita. Taa nyekundu sasa ni sekunde ishirini na nane.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Sekunde ishirini na nane hazitoshi wipa mbili. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Nimeifanya kwa vidole, na vidole vilibaki. Mke wangu humaliza upande wa dereva, taa inawaka kijani, walio nyuma wanapiga honi kana kwamba wameona moto, na gari linaondoka. Dereva mwaminifu hurusha dirishani bei ya wipa moja. Asiye mwaminifu hutupungia mkono kwa upendo. Kwa sababu yako jiji hili limejaa magari yenye wipa mpya upande mmoja, na upande wa pili utepe wa mpira uliochanika unaopiga kioo makofi.

Dereva mmoja wa teksi alirudi kesho yake, mvua ikinyesha, akaanza kupiga kelele akiwa bado mbali: "Bi harusi! Umeniacha chongo!" Mke wangu akamjibu, "Zunguka tena, kaka, jicho la pili ninalo." Akazunguka. Taa ikamkuta kijani, akapita. Akazunguka tena, akapita tena. Mara ya nne ikamkuta nyekundu, lakini akiwa gari la tisa kwenye mstari, na mke wangu alipomfikia zilikuwa zimebaki sekunde sita, za kusalimiana tu. Siku ile ya mvua nilihesabu magari kumi na moja yakizunguka makutano yetu kama nzi juu ya kikombe, yote yakitafuta wipa ya pili. Hiyo nayo, Mheshimiwa, ni foleni. Umeitengeneza wewe, kwa kuondoa foleni.

2. Wahesabu wako walihesabu vibaya. Kabla ya harusi yetu walikuja watu wenu watatu, wamevaa vizibao vya kung'aa, wakakaa siku tatu kwenye makutano wakihesabu magari. Tuliwapokea kama wageni. Walikalia kreti zetu. Jua lilipowazidi walijifunika mwavuli wa mchuuzi mwenzetu Mzee Miavuli, ambao ni mwavuli wa kuuza, na waliurudisha umepinda. Walikunywa maji ya wachuuzi wetu na kujifuta jasho kwa vitambaa vyangu. Siku ya tatu mmoja wao alimwambia mke wangu, "Dada, hebu sogea, unanizuia kuhesabu." Akasogea, mpenzi wangu huyu asiyejua kununa. Wakamaliza, wakaandika kwamba pale magari yanapoteza muda bure. Magari! Katika siku tatu waliandika kila lori, kila pikipiki na kila mkokoteni, na hawakumwandika hata mtu mmoja kati ya watu sitini na watatu wanaoishi kwa kusimama kwa magari hayo. Wamekaa juu ya kreti yetu, chini ya mwavuli wetu, na hawakutuona. Najiuliza kama ndivyo mnavyofundishwa au mmezaliwa hivyo.

Wewe umesoma, mimi nimeishia sekondari, lakini ruhusu nikufundishe jambo moja ambalo halimo kwenye ramani yako. Kila kusimama kuna kazi yake. Penye tuta gari hupunguza mwendo kwa pumzi moja tu: hapo utauza karanga, kwa sababu mteja anazijua na hazihitaji maelezo. Kituo cha basi kina dakika mbili tatu: hapo utauza maji na mayai ya kuchemsha. Taa ya nusu dakika huuza vitambaa, mimi hapa ni shahidi. Lakini sekunde tisini na nne huzaa fundi. Ndani ya sekunde hizo mtu anaweza kufanya kazi ya mikono, akaijua, akaipenda, akasifiwa, akaitwa fundi na madereva ambao hawamjui jina. Mke wangu alianza na karanga pale kwenye tuta la shule. Alipanda kutoka tuta mpaka kituo, kutoka kituo mpaka mataa, kama wewe ulivyopanda ghorofa, ila yeye hakuwa na lifti. Ulidhani unapanga magari. Kumbe ulikuwa unapanga nani awe fundi na nani arudi kwenye karanga.

3. Kile kibao chenye namba zinazopungua. Sijui mliuziwa na nani, lakini aliyewauzia ni mchuuzi kutushinda sisi wote. Zamani dereva akisimama alikuwa hana la kufanya, basi anatazama kushoto, anatazama kulia, anaona kitambaa, anakumbuka kioo chake. Sasa wote wameinua shingo kutazama namba, ishirini na saba, ishirini na sita, kana kwamba ikifika sifuri watagawiwa kitu. Unasimama dirishani kwake na bidhaa mkononi, yeye anakuinulia kidole bila kukutazama: ngoja, zimebaki kumi. Nikuulize, Mheshimiwa, mtu anayesubiri kwa hamu kiasi hicho kuondoka, anakwenda wapi? Maana namwona kila siku, na kila siku anarudi.

4. Foleni haikuisha. Imehamishwa, kama mnavyowahamisha maofisa wenu wakikosea. Magari unayoyafukuza kwetu mbiombio yanakwenda kusimama kwenye mataa ya benki, hatua mia nne mbele, na huko yanakaa dakika tano nzima, injini zinanguruma, watoto wanalia ndani. Utasema: basi nendeni huko. Tulikwenda. Lakini mataa ya benki yana wenyewe tangu enzi, na kila njia ina mwenye nayo. Mama mmoja auzaye viatu vya mtumba alimtazama mke wangu toka kichwani mpaka miguuni, akaliona podo la wipa, akaiona hina ya harusi bado iko mikononi, akasema, "Bi harusi, hapa njia ya kushoto ni yangu, ya kati ni ya dada yangu, ya kulia ina kesi. Mwambie mumeo akujengee barabara yako." Wakacheka mpaka mwenye maji akamwaga maji. Mimi nilikuwa tayari kupigana. Mke wangu alinishika mkono akasema, "Wana haki, twende." Ana moyo wa aina hiyo. Sijui ameupata wapi katika jiji lenye mhandisi kama wewe.

5. Safari ya boneti. Siku ya kumi na mbili ya ndoa, gari moja la familia liliondoka mke wangu akiwa amelilalia boneti, anapachika wipa ya pili. Dereva alikuwa anatazama namba zako. Gari likaenda naye. Nilikimbia nyuma yake na vitambaa vyangu vyote, nikipiga mayowe kwa jina la mapenzi ambalo sitaliandika hapa kwa sababu barua hii itasomwa na karani. Likasimama mbele ya duka la dawa. Nilipofika, nikidhani nimekuwa mjane katika wiki ya pili, nilimkuta anateremka kwenye boneti polepole kama mtu anayeteremka kitandani, anajifuta mikono. Wipa zote mbili zilikuwa zimefungwa. Aliifunga ya pili gari likitembea! Akamwambia yule dereva, "Washa tuone." Dereva akawasha, akalipa na kuongeza. Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia, na mke wangu akaniinamia sikioni: "Futa machozi, watu watauliza nani kamwoa nani."

Ni hadithi nzuri, najua. Tukijaliwa tutawasimulia wajukuu. Lakini naomba uelewe kwamba wajukuu wenyewe wanahitaji bibi aliye hai, na pia aliye mji mmoja na babu.

6. Dirisha la chumba chetu. Wenzetu wakioana huenda fungate. Sisi fungate letu tumelitumia kufanya mazoezi ili kukufurahisha wewe. Mke wangu alipata mikono miwili ya wipa kutoka gari bovu, tukaifunga kwenye fremu ya dirisha, na kila jioni yeye anachomoa na kupachika, mimi nashika simu na kumhesabia muda. Dirisha letu ndilo dirisha pekee mtaani lenye wipa. Jirani zetu wamepata la kusema. "Bwana harusi, humo ndani kunanyesha?" Mwenye nyumba alikuja kuuliza kama tunajiandaa kuondoka na chumba. Nimevumilia yote, kwa sababu kumtazama akifanya kazi, nywele zimefungwa kitambaa, ulimi umebanwa kidogo kwenye kona ya mdomo, ni sawa na wengine wanavyotazama bahari. Amefika sekunde thelathini na tisa kwa wipa mbili. Hakuna binadamu aliyewahi kufika hapo, nina hakika. Bado zimezidi kumi na moja. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimechubuka, na kila usiku navipaka mafuta, kimoja kimoja, nikilitaja jina lako. Si kwa baraka.

7. Shangazi. Sasa tumefika kwenye tiketi. Shangazi yake mke wangu ana duka la vipuri huko mjini kwao. Aliposikia habari za mataa alituma ujumbe, na nimeusoma mara nyingi kiasi kwamba nauota: "Mwanangu, wipa hapa zinauzwa kaunta, umekaa, juu yako kuna feni. Njoo wewe kwanza mwisho wa mwezi. Mumeo atafuata nikimpatia pa kumweka. Vitambaa hapa tunavyo." Vitambaa hapa tunavyo! Siku ishirini na moja za ndoa, na nimeshaambiwa kwamba mimi ni bidhaa ambayo duka linayo.

Mke wangu hajasema atakwenda. Hajasema hatakwenda. Amekunja tu gauni lake jipya na kuliweka juu ya begi, si ndani, juu, na kila nikiingia chumbani macho yangu yanakwenda pale kwanza. Fikiria na wewe: yeye, aliyefunga wipa juu ya gari linalotembea, akae nyuma ya kaunta na kuuliza "inchi ngapi?" Ni kumchukua mpiga ngoma hodari na kumwambia auze ngoma. Na mimi nibaki huku peke yangu, na wipa mbili dirishani.

Usidhani nalalamika kwa maslahi yangu. Kitambaa nakiuza kwa sekunde nne. Taa yako mpya hainidhuru hata chembe. Madereva wenye wipa moja wanahitaji vitambaa kuliko zamani, na tangu Jumatatu ile nauza maradufu. Ningekuwa mtu wa tamaa ningekuletea shada la maua. Ndipo ujue kwamba barua hii ni ya mapenzi, ila imeelekezwa kwa mtu asiyehusika nayo.

Kwa sababu hizo naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo:

a) Taa nyekundu ya mataa yetu irudishwe sekunde tisini na nne, kwa maandishi, na mhuri ugongwe juu ya hizo nne, asije mwingine akazikata.

b) Nikifikiri zaidi, ziwe mia na ishirini. Sekunde tisini na nne zilikuwa za msichana. Sasa ni mke wa mtu, na ana haki ya kuinua kichwa katikati ya wipa mbili akamtazama mumewe.

c) Siku za mvua ziwe dakika tatu. Mvua ndiyo mavuno yetu, na hakuna mkulima anayefukuzwa shambani wakati wa kuvuna ili ng'ombe wapite haraka.

d) Taa ya kijani ichunguzwe upya. Nimeitazama kwa miaka minne na sijaona faida yake. Hakuna mtu aliyewahi kununua kitu kwenye kijani. Hakuna aliyejifunza kazi kwenye kijani, wala aliyepata mchumba. Ni rangi ya watu kupitana. Sekunde kumi zingeitosha kabisa.

e) Barabara yoyote mpya, kabla haijachorwa, ionyeshe ni wapi magari yatasimama na yatasimama kwa muda gani, ili wananchi wajue mapema wasomee kazi gani. Yale madaraja mnayoyapenda, ya kupitisha gari juu ya gari mwenzake bila hata kusalimiana, yakatazwe. Mji ambao hakuna anayesimama si mji, ni bomba la maji.

f) Magari yenye wipa nzima yasiruhusiwe kupita kwenye mataa yetu. Yanajaza nafasi bure. Yapite kwa yule mama wa viatu.

g) Wewe mwenyewe uje usimame pale siku moja, ushike wipa ya inchi ishirini na mbili, nami nikuhesabie ishirini na nane kwa sauti. Sitakuharakisha. Nitahesabu tu.

h) Iwapo yote hayo ni magumu, basi taa zetu ziharibike. Hilo mnaliweza bila mafunzo, bila bajeti na bila wahesabu, na kwa mataa mengine ya jiji hili mmeshalifanya kwa ustadi mkubwa. Naomba na sisi tufikiriwe.

Nikija na barua hii mkononi nitamkuta karani wako, ambaye ameniambia mara tatu kwamba uko mkutanoni. Ni mkutano mrefu. Natumaini mtakapoumaliza mtakuwa mmekubaliana jambo.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, na kama na ninyi mlikuwa na siku ya ishirini na moja, jaribuni kuikumbuka pamoja kabla hujanijibu. Nisalimie dereva wako, ambaye najua anateseka na namba zile kama wenzake. Nisalimie watoto, karani, wahesabu wote watatu, na yule fundi wa umeme aliyepanda ngazi kuibadilisha taa yetu. Nasikia alikuwa akipiga mluzi, kwa hiyo simlaumu, hakujua. Mke wangu angekusalimia pia lakini yuko kazini.

Ni mimi mwenye uchungu na heshima kwa kipimo kimoja,

Mume wa Fundi Wipa.

NYONGEZA: Mheshimiwa, naomba usisome yaliyo juu. Au yasome ukipenda, kwa kuwa nimeyaandika kwa siku nne nikiwa nimejifungia ndani, na mwandiko ni mzuri, lakini usiyatekeleze.

Jioni hii nilimsomea mke wangu barua yote, kuanzia anwani. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amejishika mbavu, kisha akaniambia, "Mume wangu, ni tamu sana. Lakini mimi tangu Jumatatu hii sifanyi kazi kwenye mataa." Hakuniambia mapema kwa sababu, asema, nilikuwa nimenogewa na kuandika, na hakutaka kunikatiza. Siku hizi anafanyia kazi nje ya geti la Halmashauri yenu. Askari wenu hapo huliendea kila gari, hufungua buti, hupitisha kioo chini ya injini, huuliza jina, hutafuta daftari, huazima kalamu, hulinganisha sura na kitambulisho, hata kwa watu anaowaona kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Kila gari ni dakika sita. Mstari unafika kituo cha mafuta. Kwa dakika sita mke wangu anafunga wipa mbili, anabadilisha balbu ya indiketa, na ameanza kujifunza kurekebisha taa kubwa za mbele zilizolegea. Taa kubwa! Kwenye mataa yetu, hata kwa sekunde zile tisini na nne, asingezigusa milele. Gauni limetoka juu ya begi, liko kabatini, na shangazi ameshajibiwa kwamba asituandalie pa kulala.

Asema hata wewe alikuhudumia juzi. Gari jeusi, inchi ishirini na nne kwa kumi na nane. Asema ulikuwa mteja mwema kabisa, ulilegeza tai, ukamwambia, "Fanya taratibu tu, mama, hapa hatuendi popote."

Kwa hiyo mataa yafanyeni mpendavyo, hata yakiwa kijani mwaka mzima sisi hatuna neno. Naomba jambo moja tu. Kuna askari mpya pale getini, zamu ya mchana, ambaye ameanza kuruhusu magari mawili mawili bila kufungua buti, eti anawajua wenyewe. Ni uzembe mkubwa kwa ofisi kama yenu. Aonywe.